Jiko Lililovuka Barabara

Mkaguzi alivuta mlango wa oveni, na mvuke ukampiga usoni.

Hapo ndipo nafasi ya gazeti ilipotuishia Jumamosi iliyopita, na najua wako waliotukana. Basi tusicheleweshane. Ndani ya oveni hakukuwa na bastola wala kichwa cha mtu. Kulikuwa na trei kubwa ya makaroni ya jibini, imeiva vizuri, juu imegeuka rangi ya dhahabu, pembeni bado inatokota.

Lurlene Tatum aliitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu.

Hakuipika yeye. Asubuhi ile alipoamka hakuwa hata na jiko. Lake lilikufa zamani, akabaki anapikia kisahani kimoja cha umeme, cha kuchemshia mayai. Jiko hili lilikuwa la shoga yake Earnestine Pettway, wa nyumba ya ng'ambo, ambaye mji mzima wa Cleveland unamwita Teenie. Lilikuwa limevuka barabara muda si mrefu, juu ya toroli, likisukumwa na Shemasi Hosea Cobb, anayekusanya kodi za nyumba zote mbili, akiwa ndani ya suti yake nyeusi ya mazishi. Mkaguzi akishamaliza kwa Lurlene, lingerudishwa kwa Teenie, nako likaguliwe.

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Jiko moja, nyumba mbili, Shemasi mmoja.

Ila kila mwaka jiko lilivuka likiwa tupu. Safari hii Shemasi alisahau jambo dogo tu: kulifungua kwanza.

"Umeamka mapema kupika, Bi Tatum," alisema mkaguzi.

Huyu alikuwa Bi Drozd wa ofisi ya nyumba, mwanamke mrefu mwenye tochi kiunoni na sura ya mtu ambaye hajadanganyika tangu akiwa mtoto.

"Kuna msiba kanisani," alijibu Lurlene. "Tunazika leo saa saba."

Hilo lilikuwa kweli. Mzee Lucius Bascomb, mhudumu wa mlangoni, yule wa glavu nyeupe aliyekuwa akionyesha watu viti bila kusema neno, alikuwa amelala kwenye jeneza akingoja nyimbo.

"Ndugu yetu mpendwa," alidakia Shemasi, akifuta kipara kwa leso. "Ametuachia pengo."

Bi Drozd alivaa glavu za jikoni, akaitoa trei, akaiweka mezani. Ubavuni palibandikwa utepe mweupe, na juu ya utepe, kwa kalamu nene: PETTWAY.

"Pettway," alisoma Bi Drozd. "Jina hili ninalo kwenye kazi ya alasiri. Ng'ambo ya barabara."

Shemasi akakohoa. Lurlene akahisi nyonga yake mbovu inamchoma, kama inavyofanya kila akitaka kusema uongo.

"Trei ni yake," alisema. "Nimeazima. Sisi kwenye misiba tunaandika majina kwenye vyombo, la sivyo havirudi. Kuna sufuria yangu moja iko kwa mke wa mchungaji mpaka leo."

Bi Drozd alimtazama kidogo. "Kwetu Wapolandi ni hivyo hivyo," alisema. "Mama yangu alipoteza bakuli tatu kwa padri." Akageukia jiko, akawasha sahani ya kwanza. Ikawa nyekundu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Jiko zuri," alisema.

"Mimi sikubali mpangaji wangu ateseke," alisema Shemasi.

Kama umeingia kwenye hadithi hii leo, ujue kinachomkaba Lurlene. Bi huyu ana vocha ya serikali. Sehemu kubwa ya kodi yake inalipwa na serikali, inaingia moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Yeye anaongeza kidogo anachoweza. Vocha hiyo aliisubiri miaka, akilala kwenye chumba cha chini nyumbani kwa dada yake, kichwa kando ya mashine ya kufulia. Alipoipata alizunguka mji mzima akifungiwa milango: wenye nyumba wakisikia neno vocha, nyumba inakuwa imeshachukuliwa. Hii tu ndiyo ilimkubali. Na ina choo chini, asipande ngazi na nyonga yake.

Na kila mwaka, kabla ya mkaguzi kuja, Shemasi humwambia maneno yale yale, kwa upole wa mtu anayeombea mgonjwa: "Dada Lurlene, nyumba ikianguka, vocha inaanguka nayo. Utarudi kwa dada yako. Mimi nakulinda."

Kwa hiyo Lurlene hushirikiana naye kudanganya. Anapigania kubaki kwenye nyumba mbovu kwa kuapa kwamba ni nzima.

Bi Drozd alikagua sinki, akachungulia chini ya meza, akabonyeza king'ora cha moshi. Kikalia vizuri. Kilikuwa cha Teenie nacho.

"Basi," alisema, akichomoa kalamu. "Sioni sababu ya..."

Mlango wa mbele ukapigwa teke.

"COBB!"

Shemasi alirukia kitasa. "Usifungue, ni mgonjwa," alimwambia mkaguzi. "Msiba umemchanganya."

"Cobb, shetani wa suti we! Umebeba makaroni yangu! Nimeingia kuoga natoka naona ukuta! Ukuta mtupu! Na vumbi la mwaka jana!"

"Dada Teenie, tulia, kuna mgeni!"

"Mgeni nampa kiti! Wewe nipe makaroni!"

Ieleweke kwamba kanisani kwao makaroni ya msiba hayaletwi na yeyote tu. Kuku unaweza kuleta, mkate unaweza, soda analeta mtu ambaye hajui kupika. Makaroni unaombwa, na ukishaombwa umepanda cheo. Teenie alikishika cheo hicho tangu yule wa kabla yake alipohamia Atlanta, na kulikuwa na wanawake wawili waliokuwa wakimwombea siku moja tu aaibike.

Alipita mlangoni kama lori. Gauni jeusi halijafungwa zipu mgongoni, nywele kwenye rola, mguu mmoja una kiatu. Akaiona trei mezani. Akaiinamia, akainusa, akaigusa kwa kidole.

"Haijaharibika," alisema kwa sauti ya mtu aliyemwona mwanawe akitolewa majini. Kisha akainua macho, akaliona jiko lake. Kisha akamwona Bi Drozd, na kitambulisho cha ofisi ya nyumba kifuani.

"Aa," alisema Teenie.

Jiko likatoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa.

Shemasi alimsogelea Lurlene, akamnong'oneza bila kufungua meno. "Sema jiko lako. Sema sasa. La sivyo leo unalala kando ya mashine ya kufulia."

Bi Drozd hakupandisha sauti. "Bi Tatum, swali moja tu. Mkataba wako unasema jiko ni wajibu wa mwenye nyumba. Hili ni jiko la nyumba hii?"

Lurlene aliangalia choo chake cha chini, mlango ukiwa wazi. Aliangalia pazia alilolishona mwenyewe.

"Nikuulize kwanza," alisema. "Nyumba ikianguka, vocha yangu inaanguka?"

"Ndiyo!" alisema Shemasi.

"Nani kakuambia?" alisema Bi Drozd.

Walisema kwa pamoja, halafu wakatazamana.

"Nani kakuambia hivyo?" Bi Drozd alirudia, safari hii akimgeukia Shemasi polepole. "Vocha ni yako, mama. Si ya nyumba. Nyumba ikiwa na kasoro, anayeandikiwa ni mwenye nyumba. Kasoro ya kuua mtu, anapewa siku moja. Zilizobaki, mwezi. Asipotengeneza, serikali inafumba mkono wake. Halipwi."

"Na mimi nafukuzwa."

"Kwa kosa lipi? Wewe unaendelea kutoa kile kidogo chako. Fungu la serikali hawezi kukudai wewe, hata senti. Akishindwa kabisa, unaichukua vocha yako, unahama nayo."

Lurlene alishika ukingo wa meza. "Miaka yote hii?"

"Ni sheria ya zamani hiyo, mama. Mimi nimeikuta."

"Shemasi," alisema Lurlene.

"Dada, sheria ni ndefu, mimi nilikufupishia."

"Ulinifupishia!"

"Kaifupisha mpaka ikafika shingoni kwako," alisema Teenie, akitafuta kijiko.

Sasa ndugu zangu, mmewahi kuona mwanamke wa nyonga mbovu akikimbia? Lurlene alimshika mkaguzi mkono akamvuta kama mtu anayeonyesha nyumba mpya kwa wageni wa harusi.

"Jiko si la hapa, la Teenie. Andika. King'ora cha moshi, cha Teenie. Andika. Njoo hapa. Dirisha hili limepakwa rangi likafungwa, moto ukiwaka natoka kwa maombi. Hili bomba ukifungua la moto linatoka baridi, ukifungua la baridi halitoki kitu. Andika, mama, andika."

"Naandika," alisema Bi Drozd, aliyeanza kupata joto.

"Mashine ya joto kule chini, hiyo siwezi kushuka, lakini inaunguruma kama mtu anayekufa. Majira ya baridi navaa makoti mawili kuangalia timu yetu ikifungwa."

"Hilo la timu si kasoro ya nyumba," alisema Teenie, mdomo umejaa.

"Na hiki kishikio cha ngazi. Shemasi, kishike."

"Sina haja ya kukishika."

"Kishike, Shemasi. Si ulisema umekipigilia?"

Shemasi aliweka kiganja juu ya kishikio kwa adabu kubwa, kama anashika mkono wa mchungaji. Kishikio chote kikatoka ukutani, kikabaki mkononi mwake, urefu wa mtu. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi.

Lurlene alicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, machozi yakamtoka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka ndani ya nyumba ile bila kuogopa kwamba itasikia ikaanguka.

"Ongeza," alimwambia Bi Drozd. "Ongeza na hiki. Nataka apewe zote. Zote! Asiachiwe hata moja!"

Bi Drozd aliandika mpaka karatasi ikajaa, akageuza upande wa pili. Kisha akamnyooshea Shemasi kalamu.

"Saini hapa, kwamba mwenye nyumba amepokea kasoro hizi. Na nakuonya, ukisaini cha uongo, unaidanganya serikali. Watu wanafungwa kwa hilo."

Shemasi aliegemeza kishikio ukutani. Kikaanguka. Akakiokota, akakiegemeza tena. Alitazama kalamu bila kuigusa.

"Siwezi kusaini."

"Lazima usaini."

"Siwezi kwa sababu mimi si mwenye nyumba."

Teenie aliacha kutafuna.

"Mimi nilikuwa msimamizi tu," alisema Shemasi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake haikuwa na kanisa ndani. "Nakusanya, napeleka, nabaki na changu. Na usimamizi wangu uliisha mwenye nyumba alipokata roho."

"Alipokata roho lini?" aliuliza Lurlene.

"Tunamzika saa saba."

Kichwani walikuwa wakimwona mtu yule yule, wote watatu wa kanisa lile: mzee wa glavu nyeupe, koti moja majira yote, aliyekuwa akisimama nyuma na kikapu cha sadaka.

"Bascomb?" alisema Teenie. "Bascomb ambaye viatu vyake vilitoboka?"

"Nyumba hii. Na yako. Alinunua wakati watu wanauza kwa bei ya televisheni, akakataa ijulikane. Alisema watu wakijua una nyumba hawakusalimii, wanakuomba."

"Na matengenezo?" aliuliza Bi Drozd.

Shemasi alitazama viatu vyake. "Alikuwa akinipa pesa za matengenezo."

"Ukanunua gundi," alisema Lurlene.

"Mzee wa watu hakuwahi kuingia humu, Dada. Aliniamini."

Lurlene alimkumbuka. Kila baada ya chakula cha kanisani, wengine wakigombania mabaki, yeye alijaza sahani, akaifunika kwa foili, akampelekea mzee yule chumbani kwake pale juu ya duka la matairi. Alidhani hana kitu. Alikuwa akimwonea huruma! Mzee alipokea sahani, akasema asante, akauliza kila mara swali moja: "Nyumba yako ina joto, binti?" Naye Lurlene, kwa kumwogopa Shemasi, alijibu kila mara: "Ina joto, mzee. Nashukuru."

Sasa swali lile lilimrudia, na safari hii lilikuwa na uzito mwingine.

"Warithi wake ni nani?" aliuliza Bi Drozd. "Nahitaji mtu wa kumwandikia hizi kasoro."

Shemasi alipumua. "Hana mtoto. Kabla hajaugua aliniambia nimpeleke ofisi ya kaunti. Akaandikisha hati kwamba siku akifa, nyumba zote mbili zihamie kwa mtu mmoja, bila mahakama, bila kelele. Mimi nilikuwa nje kwenye gari, lakini alinionyesha."

"Kwa nani?"

Shemasi alinyoosha kidole.

Lurlene aligeuka kuangalia nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Ni wewe, Dada," alisema Shemasi. "Kasema ndiye mpangaji pekee ambaye hajawahi kulalamika."

Teenie alipiga ukelele ambao mimi siwezi kuuandika. Alimkumbatia Lurlene, kijiko mkononi, jibini ikamwagikia shingoni. "Shoga! Mwenye nyumba! Huyu! Huyu aliyekuwa akiomba sukari kwangu!"

Lurlene alisimama. Nyonga haikuuma. Alitazama dari, madirisha, choo cha chini. Pangu, alifikiri. Hakuna wa kunitoa. Alitaka kusema asante, hakujua aelekee wapi.

Bi Drozd aliisubiri furaha ipungue, kama mtu anayesubiri mvua. Kisha akaigeuza karatasi, akaielekeza kwa Lurlene.

"Bi Tatum. Pole na msiba, na hongera. Kama hati ni kweli, hizi kasoro ulizonionyesha..."

"Ndiyo?"

"Ni zako."

Lurlene aliangalia karatasi. Mstari baada ya mstari. Nyingine alikuwa amezitamka mara mbili ili zisisahaulike.

"Na jambo jingine," aliendelea Bi Drozd, na kwa kweli alionekana hapendi kulisema. "Serikali hailipii kodi mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Ile vocha, kwa hapa, itabidi uirudishe."

"Ile niliyoisubiri miaka?"

"Ile."

Teenie alikaa kwenye kiti kwa madaha, akapandisha mguu wenye kiatu juu ya ule usio na kiatu.

"Mwenye nyumba," alisema kwa sauti ya asali, "mkaguzi anahamia kwangu. Jiko ni langu, ninarudi nalo. King'ora nacho. Lakini choo changu kinavuja mpaka jikoni, na mimi ni mtu wa vocha. Fundi unaleta saa ngapi?"

"Teenie, usinichezee sasa hivi."

"Nani anacheza? Si umesikia sheria? Usipotengeneza serikali inafumba mkono. Na mimi hunidai hata senti. Asante, Bi mkaguzi, umenifungua macho."

Hapo Shemasi Cobb akaingiza mkono kwenye koti la mazishi, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Tayari imepigwa chapa. Tayari ina jina la Lurlene.

"Nilipanga tuongee baada ya kaburi," alisema, na kanisa lilikuwa limesharudi kooni mwake. "Dada, nani atakusumbua na misumari, na mabomba, na kodi za kaunti, kwa nyonga hiyo? Niuzie mimi. Zote mbili. Kasoro nazibeba mimi. Wewe unakaa hapa hapa, mpangaji wangu kama zamani, na vocha yako hairudi popote. Sahihi moja tu."

"Na mimi?" aliuliza Teenie. "Mimi nakaa kwa nani?"

Shemasi aliilaza karatasi yake mezani, kando ya ile ya kasoro.

Mezani sasa palikuwa na karatasi mbili, na kalamu moja ya Bi Drozd. Nje kengele ya kanisa ilianza kugonga, kuwaita wenye kazi za msiba.

Lurlene alichukua kalamu. "Shemasi," alisema, "ukizichukua, kishikio utakipigilia misumari?"

"Dada, tusianze kuchoshana. Mazishi yanatusubiri."

Lurlene alitikisa kichwa taratibu. Alimfikiria mzee wa glavu nyeupe, na swali lake la joto. Aliifikiria mashine ya kufulia ya dada yake, inavyotetemeka kando ya mto. Kisha akavuta karatasi moja, akainama, akaanza kuandika jina lake kwa herufi kubwa, bila haraka.

Teenie alikuwa ameshanyanyuka na trei yake, tayari kwenda kanisani. Alichungulia juu ya bega la shoga yake aone ni karatasi ipi.

Makaroni ya msiba yote yakamwagika sakafuni, na nafasi ya gazeti ikatuishia tena.